Nyayo za Majilio

Mimi ni Msabato, niseme mapema ili mtu asije akaniuliza mbele ya safari. Kwetu Majilio hayapo. Hata neno lenyewe nilikuja kulijua Busunzu, nilipopangiwa kufundisha huko nikitokea Tarime, nikapata chumba kwa mama mmoja aitwaye Generosa. Jina hilo lilikuwa la kanisani tu. Kijiji kizima kilimwita Mama Irakoze, kwa binti yake wa pekee, nami nikamwita hivyo hivyo.

"Mwalimu Ghati," aliniambia mwaka wangu wa kwanza pale, "Majilio ni kumsubiri mgeni. Unajua anakuja, hujui saa. Basi unafagia."

Na kweli alifagia. Mungu wangu, mama yule alifagia! Wiki zile za kuelekea Krismasi nyumba haikukalika. Vitanda nje, magunia ya maharage nje, na mimi mpangaji na sufuria zangu nje. Alishuka bondeni na wanawake wenzake kuchimba udongo mweupe, akaukoroga kwenye beseni, akasiriba kuta kwa kiganja mpaka nyumba ikang'aa kule juu mlimani, unaiona ukiwa bado barabarani. Alikata majani mabichi, akayaanika kidogo, akayatandaza sakafuni. Sukari hakuonja mpaka Krismasi. Halafu alipita kwa kila aliyekosana naye tangu Pasaka, akaomba radhi, hata pale ambapo mwenye kosa alikuwa yule mwingine. Hilo mimi lilinichoma. Nilimwambia waziwazi kwamba mimi Mkurya siwezi. Alicheka, mkono mdomoni kama kawaida yake.

Juu ya meza aliweka taji la matawi lenye mishumaa minne. Kila Jumapili wanawasha mmoja zaidi, jumuiya yao ya kanisa inakuja, wanasali, wanakunywa chai. Mishumaa ya zambarau haikufika kwetu, kwa hiyo alinunua myeupe dukani, akaivisha vipande vya kitenge chakavu cha zambarau. Wa tatu aliuvisha pinki, kwa sababu Jumapili ya tatu ni ya kufurahi. Nilimuuliza anafurahi nini na mgeni hajafika. Akasema, "Harufu yake imeshafika."

Sasa nimweleze huyo Irakoze. Aliolewa na Nsabimana, kijana mkimbizi wa kambi ya Mtabila, kule Kasulu. Mama hakuitaka ndoa ile. Yeye mwenyewe aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia huku, akaolewa na Muha, marehemu Tharsisi, akawa Mtanzania, na alikuwa ameapa kwamba damu yake haitapanda lori tena. Lakini mapenzi utayafanyaje? Desemba ya 2012 kambi ikafungwa, malori yakaja katikati ya Majilio, na Irakoze akapanda na mumewe kurudishwa nchi asiyowahi kuiona. Mama aliondoka Busunzu kwenda kumuaga. Alifika akakuta vibanda vimebomolewa na mbwa wanazungukazunguka. Alirudi na udongo wa Kasulu kwenye ndala, wala hakusema neno mpaka Krismasi ikapita.

Miezi michache simu zilikuja, kisha zikakatika. Mwaka wa 2014 Gharibu, muuza dagaa anayekwenda minada ya mpakani, akaleta habari kwamba mwanamke wa jina hilo amefia kwenye uzazi. Amesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Habari gani hiyo? Mimi mwanafunzi akiniletea jibu la namna hiyo namrudisha akakae chini.

Lakini Pasikali aliipokea. Huyu ni shemeji yake Mama Irakoze, mdogo wa Tharsisi na msemaji wa ukoo, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Akadai msiba ukaliwe, matanga yaanuliwe, mambo yaishe. "Mfu asiyeliliwa hatulii, shemeji. Atazunguka. Ataanza na wewe, atamaliza na watoto wangu."

"Nani alimwona?" Mama Irakoze akauliza. "Nani alimzika? Kumlilia mtu aliye hai ni kumuua kwa mdomo. Mimi sitamuua mwanangu ili ninyi mlale usingizi."

Mwaka na zaidi walivutana hivyo. Yeye akaendelea kufagia kila Majilio, na sasa wote tulijua anafagia kwa ajili ya wageni wawili. Mwaka wa 2015 Warundi walipoanza kuvuka tena kwa maelfu, alikwenda mpaka kambi ya Nyarugusu, akatembea katikati ya mahema akiita jina la mtoto mpaka sauti ikamkauka. Akina Irakoze wengi waliitika. Wake hakuwemo.

Ndipo yakaja Majilio ya mwaka ule. Jumapili ya kwanza asubuhi niko jikoni napuliza moto, nikasikia, "Mwalimu, njoo uone." Hakupaza sauti. Nikatoka.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, ikakatika, ukungu umelala mpaka kwenye migomba. Njiani, pale migomba inapoanzia, kulikuwa na nyayo kwenye tope. Za mtu mzima, peku, ndogo kiasi. Zilielekea nyumbani hatua chache, kisha hakuna. Hazikugeuka, hazikwenda pembeni. Ziliishia tu.

"Watoto wa jirani hao," nikasema.

"Watoto wa jirani wana vidole vyote," akasema Mama Irakoze.

Nikainama. Unyayo wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Nami nilijua, kama kijiji kizima kilivyojua, kwamba Irakoze alikatwa kidole hicho na jembe akiwa mtoto, wakipanda mahindi. Lakini nikajipa moyo, nikasema kuna mpuuzi anamchezea mama wa watu, na nikimkamata atanijua mimi ni nani.

Jumapili ya pili nyayo zilikuwa uani, juu ya udongo aliousiriba jana yake, zimechapika vizuri kana kwamba mtu amekanyaga unga. Zilianzia katikati ya ua. Nyuma yake hakuna alama, mbele yake hakuna alama. Jumapili ya tatu zilikuwa barazani, miguu miwili pamoja, vidole vimegusa mlango. Mtu alikuwa amesimama hapo akisubiri kufunguliwa.

Jamani, watu walitukimbia! Mtoto hakutumwa tena kwetu kuomba moto wala chumvi. Jumuiya, ambayo ilikuwa ikijaza sebule na kumaliza chai yote, Jumapili hiyo ya kufurahi ilikuja watu wawili: katekista Stanislaus, ambaye hakuwa na namna, na mimi Msabato. Tukauwasha mshumaa wa pinki. Mimi wimbo siujui, nikapiga makofi. Macho ya katekista yalikuwa mlangoni muda wote, na Mama Irakoze alimmiminia chai kwa mkono uliotulia kuliko wetu.

Jioni hiyo hiyo Pasikali akaja na wazee wawili wa ukoo. Hakukaa. "Unataka ushahidi gani tena, shemeji? Miguu unaijua. Aliye hai anapita njia yote, anapiga hodi, anaomba maji. Huyu anaruka kutoka Jumapili hadi Jumapili. Amekufa, anatafuta kuliliwa, na wewe unamnyima."

Nilitegemea Mama Irakoze amfukuze kama siku zote. Hakumfukuza. Alikaa akisokota ncha ya kanga, na hapo ndipo nikaona ameanza kuogopa. Hakuwa anaogopa nyayo. Aliogopa kwamba Pasikali anasema kweli, na kwamba kwa ubishi wake mtoto anahangaika kwenye baridi bila mahali pa kulala.

"Nipe Jumapili iliyobaki," akasema mwishowe. "Nitaacha mlango wazi. Atakayeingia nitamwona mwenyewe. Nitajua kama ni wa kumpikia au wa kumlilia."

Pasikali akakubali. Alipotoka nilimsindikiza kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatamka.

Jumapili ya nne nilikaa naye tangu kabla hakujapambazuka. Nilikuwa na fimbo yangu ya shuleni magotini, na nilikuwa nimeapa kwamba huyo mchezaji leo atacheza na mimi. Mlango ulikuwa wazi. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa mzito, ukaingia mpaka ndani, na majogoo wa kijiji kizima wakanyamaza kwa pamoja. Hilo nililiona ajabu. Nikageuka nimwambie, nikakuta anatazama sakafuni.

Majani yalikuwa yanalala. Sina neno lingine. Yale majani aliyotandaza jana, mabichi bado, yalikandamizika penye kizingiti kwa ukubwa wa mguu. Halafu mbele yake kidogo, mengine. Halafu mengine. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa natazama kwa macho yangu haya, sijalala, sijalewa, na fimbo imeshaanguka bila mimi kujua. Nyayo hizo zilipita mbele ya magoti yangu na baridi ikapita nazo, kama ya chungu cha maji. Zikaingia chumbani. Kisha tukasikia kamba za kitanda zikilia, polepole, kama vile mtu aliyechoka anavyojishusha.

Mama Irakoze akainuka, akaingia. Mimi nilichungulia tu. Blanketi lilikuwa limebonyea katikati. Akapiga magoti, akaweka kiganja pale.

"Mwana wanje," akamwita kwa Kirundi, "mwanangu, umechoka?"

Alikaa hivyo mpaka kukapambazuka sawasawa na majogoo wakaanza tena. Blanketi likanyooka taratibu. Alipotoka uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

"Ni baridi, mwalimu. Mtu aliye hai hatembei hivi." Akajifunga kanga, akaenda mwenyewe mpaka kwa Pasikali, akamwambia, "Njoo umlilie."

Walimlilia Jumatatu. Ukoo ule una taratibu zake kwa aliyefia mbali asipatikane mwili. Walizima moto wa jikoni. Walimnyoa Mama Irakoze kichwa kizima. Walifagia nyumba kuanzia chumbani kuja nje, majani yote ya Majilio wakayatupa. Mwisho Pasikali akachimba chini ya kizingiti, akafukia kipande cha kanga ambayo Irakoze alibebewa utotoni, akashindilia, akamwaga mstari wa majivu juu yake. "Mlango huu umefungwa kwako," akatangaza kwa ile sauti yake. "Nenda ulale walikolala wenzako." Katekista alijaribu kusema kwamba kwenye Majilio tunangoja, hatufungi milango. Wakamwambia asali, basi akasali.

Hapo ndipo Mama Irakoze akalia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia. Alikaa pale mlangoni, upande wa ndani, akatoa sauti ambayo watu waliisikia ng'ambo ya bonde wakaacha majembe. Alimwita mtoto kwa jina, akamwomba msamaha kwa kumchelewesha, akamwambia aende. Nililia na mimi, sioni haya kusema. Walipomaliza, wanawake wakaanza kumwita Generosa, maana sasa hakuwa mama wa mtu. Waliita mara mbili tatu ndipo anageuka.

Jumatano mchana nikamwona Stanislaus anakuja anakimbia. Mzee yule ana mguu mbovu, hakimbii. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Nduta, alikokwenda kusali na wagonjwa kwa kuwa Krismasi inakaribia. Akanishika mkono akanivuta nyuma ya choo ili mama asisikie.

"Mwalimu, nimeitwa na marehemu."

"Katekista, kunywa maji kwanza."

"Nimeitwa! Niko wodini, nasikia, 'Katekista, mbona unanipita?' Nageuka, Irakoze! Niliyemfundisha ubatizo mimi mwenyewe! Nilitaka kutoka kupitia dirishani." Akajifuta jasho. Nesi alikuwa amemweleza yote. Irakoze alivuka mpaka mwezi wa kumi, peke yake, mumewe amepotelea kwenye zile ghasia, simu waliiuza zamani na namba zikaenda nayo. Malaria ikampanda kichwani. Kuanzia mwisho wa Novemba alikuwa amelala tu, hajitambui, wala hakuna aliyejua ni wa wapi. "Nesi anasema alikuwa hatikisiki wiki nzima. Isipokuwa Jumapili alfajiri. Jumapili alfajiri miguu inatembea chini ya blanketi. Jumatatu ndiyo kazinduka. Analia."

Nilikaa chini palepale kwenye nyasi.

Nani angemwambia mama? Nilimwambia mimi. Hakupiga kelele. Alijishika kichwa kilichonyolewa kwa mikono miwili, akasema, "Nimemuua," akarudia, "Nimemuua kwa mdomo wangu," nami nikamkalipia kama mtoto wa darasa la kwanza: "Yuko hai, Mama Irakoze! Anakula uji! Kesho analetwa!" Usiku ule hakulala, na mimi sikulala.

Kweli siku ya pili, mkesha wa Krismasi, katekista akampatia kibali cha kutoka kambini, na mchana mvua inanyesha bodaboda ya Abdalah ikapanda kilima. Binti alikuwa mifupa mitupu, amefungwa kitenge juu ya koti la dereva. Kijiji kilisimama mbali, kila mmoja nyuma ya mwenzake. Mama alimkimbilia, akamshika mashavu, mabega, mikono. Alikuwa na joto. Nilimgusa na mimi kuhakikisha.

"Mama," akasema Irakoze, akitazama kile kichwa, "mbona umenyoa? Tumefiwa na nani?"

Mvua ikatunyeshea sote.

"Ingia ndani, mwanangu, utalowa," akasema mama.

Irakoze akafika barazani, akainua mguu, akaurudisha. Akainua tena. Nilidhani ni udhaifu, nikamshika kwapa nimsaidie, na niseme nilichokiona: pale penye kizingiti mwili wake uligoma, kama ng'ombe anavyogoma kwenye daraja. Jasho la baridi lilikuwa linamtoka. "Siwezi kupita, mwalimu," akaninong'oneza. "Hapa pana nini?"

"Fukueni ile kanga!" nikampigia kelele Pasikali.

"Kilichofukiwa kwa ajili ya mfu ukikifukua unakiita kifo kwa jina," akasema, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Mlango ule umeshakufa kwake. Hata mkimbeba mkamwingiza, atakuwa ameingia kama maiti. Arudi kambini. Mimi sina la kufanya."

"Huna la kufanya! La kufunga ulikuwa nalo!" Ningempiga, Mungu ananijua. Lakini Mama Irakoze alikuwa ameshatupita. Alikuwa amechukua jembe pale penye kuni, akazunguka upande wa chumbani, kwenye ule ukuta mweupe alioupaka kwa kiganja chake mwezi mzima, akaupiga jembe kwa nguvu zake zote.

Donge likaanguka. Akapiga tena. Pasikali akasema, "Shemeji, unabomoa nyumba ya kaka yangu!" Hakumsikia. Nikaingia ndani na panga, nikaanza kukata fito upande wangu, udongo unaniingia machoni, nasikia yeye anahema upande wa pili na kila pigo anasema jina la mwanawe. Tukakutana katikati. Tundu lilipotosha mtu, akaliweka jembe chini, akajipangusa mikono, akanyoosha mmoja.

"Karibu kwenu," akasema.

Irakoze akainama, akapita. Hakusita hata kidogo. Akasimama katikati ya chumba, mvua inaingia nyuma yake na udongo mweupe nywele nzima. Mama akamfuata kwa magoti kupitia tundu lile lile, akamshika miguu, na hapo ndipo yakamtoka:

"Uliniuliza tumefiwa na nani. Nilikulilia wewe, mwanangu. Walinishinda, nikakulilia ungali hai. Nisamehe."

Irakoze akamwekea mkono juu ya kile kichwa kisicho na nywele.

"Najua, mama," akasema. "Nilikusikia, nikadhani ni ndoto. Nilikuwa nimesimama hapo nje ya mlango."